Kubadilisha krenki na ekseli ya katikati kwenye baiskeli ya zamani: mwongozo kamili kwa wale ambao kota inalegea kila wiki

Kama una Phoenix, Hero, Avon, Raleigh ya mzee au Swala iliyobaki stoo, na kila pedeli ikifika juu unasikia "ko", mguu unacheza kidogo alafu ndo cheni inavuta, hapa ndo penyewe. Watu wengi wameshabadilisha kota (kile kijipini kinachobana krenki, yaani mkono wa pedeli, kwenye ekseli) mara tatu mara nne na kila mara inarudi palepale, siku mbili nzuri, siku ya tatu ko ko ko. Wanasema kota za siku hizi ni feki. Zingine kweli ni laini kama sabuni lakini mara nyingi shida siyo kota.

Shida ni mbili. Ya kwanza, mtu anagonga nyundo huku chini ya krenki hakuna kitu, kwa hiyo lile pigo linaenda kwenye gololi na mabakuli (vikombe vya chuma ambamo gololi za ekseli zinazunguka) badala ya kwenda kwenye kota. Ya pili, mtu anaingiza kota kwa kidole alafu anaivuta kwa nati. Nati ya kota haivuti, kazi yake ni kuzuia kota isirudi nyuma basi. Inayoingiza kota ni nyundo. Shika hayo mawili, yaliyobaki ni mpangilio na uvumilivu.

Kwanza hakikisha baiskeli yako ni ya kota

Angalia pale mkono wa pedeli unapokutana na ekseli. Ukiona kijipini kimepita kwenye krenki kwa kukingama, upande mmoja kichwa cha mviringo, upande wa pili nati ndogo na washa, hiyo ni kota na mwongozo huu ni wako.

Ukiona katikati ya krenki kuna bolti au nati inayoangalia nje moja kwa moja (mara nyingi inaingia soketi namba 14), ndani yake ekseli ina kichwa cha pembe nne. Hiyo inatolewa kwa puli ya krenki (kifaa cha kuivuta itoke), usiiguse kwa nyundo. Na ukiona mikono yote miwili na ekseli ni chuma kimoja kilichopindwa kama herufi Z, kama zile BMX za watoto, nayo ina njia yake.

Vitu vya kuandaa

Usianze kufungua kabla vifaa havijawa mbele yako, na spea za kulinganisha na za zamani zifuate mapema, maana ukishatoa ekseli baiskeli haitembei na duka la spea linafungwa saa kumi na mbili.

Spea:
- Kota mbili mpya, zinunue pamoja, aina moja. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Nyingi za baiskeli za aina hii ni nene milimita 9.5, ila zipo za 9 na za 8.5 na kwa macho zinafanana kabisa.
- Ekseli mpya. Nenda na ya zamani pia, uzilaze pamoja, zilingane urefu wote na pia umbali kati ya njia mbili za gololi. Kwenye boksi huwa wanaandika BB.
- Gololi 22 za robo inchi, 11 kila upande. Nunua 25 maana tatu zitakimbilia chini ya kabati.
- Mabakuli mawili, lakini subiri uyaone ya zamani kwanza.
- Krenki, kama tundu la kota limetanuka au mkono umepinda.
- Grisi. Ile ya kwenye kopo ya magari inatosha, usiweke mafuta ya kupikia tafadhali, nimeshaona.

Vifaa:
- Nyundo nzito, ya kilo moja hivi. Nyundo nyepesi ndo inayoharibu kota, nitaeleza.
- Kipande cha bomba la chuma ambalo kichwa cha kota kinaingia ndani yake, urefu wa kutoka sakafuni mpaka kwenye krenki. Hiki ndo kifaa muhimu kuliko vyote na hakiuzwi popote, unakata kwa wachomeleaji.
- Spana namba 10 na 11 kwa nati za kota, spana 15 kwa pedeli, spana malaya kubwa.
- Tindo butu au panchi, tupa laini, brashi ya meno ya zamani, matambara, mafuta ya taa, kikopo.
- Mtu wa kukushikia baiskeli. Mtoto wa jirani anatosha.

Hatua ya 1: Lainisha jana yake

Jioni kabla ya kazi dondoshea kwenye kota, pande zote mbili, mafuta ya kulainisha kutu. Kama huna, changanya dizeli na oili kidogo. Rudia asubuhi. Sababu yake ni kwamba kota ni kabari, imeshindiliwa miaka, na baiskeli iliyobeba madumu ya maji kila siku ina kutu hadi ndani. Nusu saa haitoshi, usiku kucha ndo inapenya.

Hatua ya 2: Toa cheni na pedeli

Cheni ina kiungio chenye klipu ndogo kama samaki. Isukume klipu kwa plaizi itoke, weka kwenye kikopo. Ukirudisha, upande wa klipu ulioziba uangalie kule cheni inakokwenda, upande wenye mwanya ubaki nyuma, ukigeuza klipu itachomoka njiani.

Pedeli ya kushoto ina thredi za kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma unafungua, ukiipeleka kuelekea gurudumu la mbele unakaza. Pande zote mbili ni hivyohivyo. Kama krenki unazirudisha zilezile unaweza kuacha pedeli zikae lakini uzito wake unasumbua kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Piga picha, alafu toa kota

Kabla ya nyundo, piga picha krenki ya kulia ikiwa juu uone nati ya kota inaangalia mbele au nyuma. Alafu zungusha, krenki ya kushoto iwe juu, piga nyingine. Zote mbili zinatakiwa kuangalia upande mmoja kila moja ikiwa juu. Yaani kama ya kulia ikiwa juu nati iko nyuma, basi na ya kushoto ikiwa juu nati iwe nyuma. Hii picha itakuokoa baadae.

Sasa legeza nati lakini usiitoe. Irudishe mpaka uso wake ulingane sawa na ncha ya kota. Hivyo pigo litagawana kati ya nati na ncha, thredi hazipasuki.

Simamisha bomba sakafuni, kwenye zege au jiwe, siyo kwenye udongo maana litazama. Krenki ikalie mdomo wa bomba, kichwa cha kota kikiwa ndani ya tundu la bomba na nati ikiangalia juu. Mwenzako ashike baiskeli, uzito wake ulale juu ya bomba. Tikisa krenki, kama kuna mwanya kati ya krenki na bomba ongeza kibao au bati chini, pasiwepo mwanya hata wa karatasi.

Alafu piga. Pigo moja la nguvu, limenyooka, kama unapigilia kigingi. Siyo tik tik tik. Vipigo vidogo vinafanya ncha ya kota ivimbe kama uyoga na ikishavimba haipiti tena kwenye tundu, ndo mwanzo wa kilio. Pigo zito moja linaitikisa kota yote kwa pamoja.

Mafanikio yanaonekana hivi: utasikia sauti inabadilika, kutoka "ting" ya chuma kigumu mpaka "tuk", na nati itakuwa imeshuka karibu na krenki. Toa nati, malizia kwa panchi.

Mimi nilijifunza hili kwa baiskeli ya mjomba. Niligonga bila bomba, kota ikatoka kirahisi tu nikajiona fundi, nikaweka mpya, nikamrudishia. Wiki ileile akaja analalamika pedeli inasaga mahindi. Kufungua nakuta bakuli la kulia lina vishimo kumi na kitu vimejipanga kwa duara, kila gololi imechimba kaburi lake. Nilichookoa kwenye kota nikakilipa mara mbili kwenye mabakuli na ekseli.

Ikigoma kabisa

Ukishapiga mapigo matano ya nguvu haijasogea, acha, usiendelee kwa hasira. Weka mafuta tena, ipeleke kwa mtu mwenye vaisi kubwa. Unaweka soketi ya spana upande wa kichwa cha kota ili kipate nafasi ya kutokea, midomo ya vaisi inabana ncha ya kota upande wa pili, unakaza mpaka ilie "pa". Hii ni nzuri kuliko nyundo kwa sababu haina pigo kabisa.

Kama ncha imeshapinda au imevimba, kata kwa msumeno ilingane na krenki, toboa katikati yake kwa drili, anza na biti ndogo ya milimita 3 alafu 6. Kota ikishakuwa na shimo katikati inakosa nguvu ya kubana, panchi inaitoa. Anza na alama ya panchi katikati kabisa, biti ikikimbilia pembeni utakula ukuta wa krenki.

Hatua ya 4: Fungua upande wa kushoto

Krenki zikishatoka, anza na upande usio na cheni. Pale kuna ringi ya nje yenye mikato, ndo inafunga, na ndani yake bakuli lenye matundu mawili au pembe za kushikia. Ringi hii na hili bakuli ni thredi za kawaida, unafungua kinyume cha saa.

Ringi igonge kwa tindo butu kwenye mkato, vipigo vya pembeni, taratibu. Ikishalegea toa kwa mkono.

Tandika tambara jeupe chini kabla ya kutoa bakuli. Shika ekseli isianguke, zungusha bakuli mpaka litoke. Gololi zitamwagika, zihesabu. Kama zimetoka 9 tu upande mmoja na hazikuwa kwenye keji (ringi ya bati inayozishika pamoja), ujue fundi aliyepita hakuwa nazo za kutosha na umepata sababu mojawapo ya baiskeli kusumbua.

Hatua ya 5: Kagua kabla hujafungua upande wa cheni

Hapa wengi wanakosea, wanakimbilia kutoa bakuli la kulia wakati halina tatizo. Bakuli la kulia limekazwa kwa nguvu sana na mara nyingi linaweza kubaki palepale.

Safisha kwa tambara lenye mafuta ya taa kupitia upande wa kushoto, mulika na tochi ya simu. Njia ya gololi ikiwa ni mstari unaong'aa, laini ukipitisha ncha ya kalamu, bakuli ni zima, liache. Ukiona vishimo, magamba au ncha ya kalamu inadunda, linatoka.

Ekseli nayo iangalie hivyohivyo. Na zaidi angalia pale bapa ambapo kota inakaa, kama pana ngazi au pameliwa, ekseli hiyo hata ukiweka kota ya dhahabu italegea tu. Hii ndo siri ya wale wa kota mpya kila wiki.

Krenki sasa. Ingiza kota mpya kwenye tundu la krenki bila ekseli. Inatakiwa iteleze ndani bila kucheza pembeni. Ikicheza, tundu limetanuka, badilisha krenki. Najua kuna ujanja wa kukata bati la kopo la soda na kuzungushia kota. Inashika siku mbili, alafu lile bati linasagika na tundu linazidi kutanuka. Kwa kufika nyumbani sawa, kwa kubeba gunia la mkaa hapana.

Hatua ya 6: Kutoa bakuli la kulia, kama lazima

Soma hii mara mbili. Bakuli la upande wa cheni kwa baiskeli nyingi za aina hii lina thredi za kinyume. Ukisimama upande wa cheni ukaliangalia, unafungua kwa kuzungusha kufuata saa. Wanaolizungusha kinyume cha saa wanalikaza, wanaongeza bomba refu kwenye spana, wanalikaza zaidi, mwisho pembe zinalika zote.

Kanuni ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu, kuipeleka mbele ya baiskeli ni kufungua, kuirudisha nyuma ni kukaza, kulia na kushoto sawasawa. Ni kinyume cha pedeli. Iandike kwa chaki ukutani.

Spana ya kawaida inateleza maana pembe za bakuli ni nyembamba. Njia mbili zinazofanya kazi kweli:

Ya kwanza ni vaisi. Laza baiskeli, magurudumu yametolewa, upande wa kulia uangalie chini, bana pembe za bakuli kwenye vaisi, alafu zungusha fremu nzima kama usukani wa lori. Ukiwa unaangalia kutoka juu unazungusha fremu kufuata saa. Fremu ni ndefu, nguvu yake hakuna spana inayoifikia.

Ya pili ni bolti nene, ya milimita 12 mpaka 16, na washa kubwa mbili ngumu. Pitisha bolti kwenye tundu la bakuli kutokea nje, ndani weka washa na nati, shika nati kwa soketi kupitia upande wa kushoto, kaza kichwa cha bolti mpaka kilie. Sasa endelea kukaza kichwa hichohicho kufuata saa. Kwa kuwa bakuli nalo linafunguka kwa kufuata saa, bolti ikishindwa kukaza zaidi itaondoka na bakuli. Hii ndo naipenda.

Hatua ya 7: Safisha na jaribu thredi kwa mkono

Sugua ndani ya bomba la fremu kwa brashi na mafuta ya taa. Utatoa mchanga, matope, wakati mwingine buibui. Huo mchanga unashuka kutoka bomba la siti, na maji pia yanapita humohumo. Kama kuna kitundu kidogo chini, kizibue kwa waya, ndo maji yanapotokea.

Kama umenunua mabakuli mapya, yafunge kwa vidole tu kwanza, makavu. Yanatakiwa kwenda raundi tatu nne bila spana. Yakigoma baada ya raundi moja simama hapohapo. Fremu nyingi zina thredi 24 kwa inchi lakini Raleigh za zamani za Uingereza zilitengenezwa na 26, na bomba lake la katikati ni pana pia, milimita 71 au zaidi badala ya 68. Kwa macho huwezi kuona tofauti, kwa spana utalazimisha liingie na utakuwa umechana fremu. Rudi dukani na bakuli la zamani, ulinganishe thredi kwa thredi: ziweke zikumbatiane, ukiona mwanga kati yake siyo zenyewe.

Hatua ya 8: Rudisha ekseli na gololi

Bakuli la kulia kwanza. Paka grisi kidogo kwenye thredi, kaza kwa nguvu zote kwa kutumia bolti ileile, safari hii kinyume cha saa. Hapa ile bolti itataka kufunguka kwa hiyo ongeza nati ya pili kuifunga ya kwanza. Bakuli hili lisipokazwa sana litajifungua lenyewe njiani.

Jaza grisi nene kwenye njia ya gololi, panga gololi 11 mojamoja, grisi itazishika. Ukimaliza inabaki nafasi ndogo, isiyotosha gololi nyingine. Hiyo nafasi ni ya lazima, usijaribu kushindilia ya 12. Usichanganye za zamani na mpya, hata kama za zamani zinang'aa, zimepungua unene na mzigo wote utabebwa na mpya.

Ekseli ina upande mrefu na upande mfupi, pima kutoka njia ya gololi mpaka ncha. Mrefu unaenda upande wa cheni. Ukigeuza, sporoketi itasugua fremu, na utagundua mwisho kabisa wakati kota zimeshagongwa. Ingiza ekseli kutokea kushoto, taratibu, isiziangushe gololi za kulia. Kama kulikuwa na mfuniko wa plastiki wa kuzuia vumbi ndani, urudishe. Kama haukuwepo, kata chupa ya maji, uikunje iwe kama bomba, ipite katikati ya mabakuli bila kugusa gololi. Inazuia mchanga wa bomba la siti vizuri tu.

Bakuli la kushoto nalo, grisi, gololi 11, lifunge kwa mkono mpaka liguse.

Hatua ya 9: Kurekebisha mchezo

Kaza bakuli la kushoto mpaka ekseli iwe nzito kidogo, alafu lirudishe robo raundi au chini ya hapo. Zungusha ekseli kwa vidole viwili. Inatakiwa iteleze kama imelala kwenye siagi, isiwe na vipele, na ukiivuta juu chini isicheze.

Sasa funga ringi ya kushoto huku ukilishikilia bakuli lisizunguke. Ringi ikikaza inalivuta bakuli nje kidogo, kwa hiyo rekebisho litabadilika. Kila mtu linambadilikia, fungua tena, sogeza kidogo tu, funga tena. Mara ya tatu au ya nne unapata. Usiridhike na "itajitengeneza yenyewe ikitembea", iliyokaza sana inakula mabakuli ndani ya mwezi na iliyolegea inapasua gololi.

Hatua ya 10: Krenki na kota mpya

Futa bapa la ekseli na tundu la krenki, pawe pasafi kabisa. Hapa usiweke grisi nyingi, tone la oili kuzuia kutu linatosha.

Vaa krenki ya kulia, ingiza kota kwa kidole kwa mwelekeo wa picha yako. Bapa la kota liangalie bapa la ekseli. Gonga kidogo, alafu itoe uangalie. Paka bapa la kota masizi ya kibatari au peni ya maka kabla ya kuingiza, ikitoka utaona pale palipogusa. Ukiona alama kwenye kona tu, kota haijakaa sawa. Suguza bapa kwa tupa, mikwaruzo mitatu minne, bila kubadilisha mteremko wake, jaribu tena. Ni kazi ya kuchosha ila ndo kazi yenyewe, fundi wa chini ya mwembe anayemaliza dakika kumi ameiruka hii.

Mafanikio ni alama iliyoenea karibu bapa zima, na kota ikiwa imeingia kiasi kwamba thredi zinatokeza za kutosha washa na nati. Ikiwa thredi hazitokezi, bado ni nene, suguza. Ikiwa inapita mpaka kichwa kinazama kwenye krenki, ni nyembamba, rudisha dukani.

Kota ya pili isuguliwe kiasi kilekile. Mmoja ukizidi, krenki hazitakuwa kwenye mstari mmoja, ukisimama nyuma utaona moja inatangulia. Na kama zimepishana sana, hujakosea tupa, umegeuza kota moja. Rudi kwenye picha.

Sasa bomba letu. Lisimamishe chini ya krenki, safari hii upande wa nati ndo unaingia kwenye tundu la bomba na kichwa cha kota kiko juu. Mapigo matatu manne mazito. Sauti ikiwa kali na kota haisogei tena, imefika. Alafu ndo washa na nati, kaza kwa spana fupi kwa mkono mmoja. Nati ni ndogo, ukiivuta kwa hasira thredi zinakatika na unaanza upya kwa kota nyingine.

Hatua ya 11: Jaribu, alafu gonga tena

Rudisha cheni. Zungusha krenki nyuma, sporoketi isiguse fremu wala boksi la cheni. Shika krenki zote mbili kwa pamoja, moja vuta moja sukuma. Ukisikia mchezo wa krenki moja peke yake ni kota. Mchezo wa zote pamoja ni bakuli la kushoto.

Endesha dakika kumi, panda hata kamlima, simama juu ya pedeli. Rudi, weka bomba, gonga kota tena mara mbili, utashangaa nati imelegea. Siyo kwamba ulikosea, kota imejisogeza kwenye makao yake. Kaza nati.

Rudia baada ya kilomita 30 mpaka 50. Usibebe mzigo wala abiria kabla ya huo mzunguko wa pili, maana kota ikitembea imelegea hata kwa siku moja inachonga bapa la ekseli, na hapo unarudi hatua ya 5 ukiwa na ekseli mpya iliyoharibika.

Ikisikika "ko" tena baada ya yote haya, kabla ya kurudi kwenye kota kaza pedeli zenyewe na bolti ya siti. Mara mbili nimefungua ekseli nzima kumbe ilikuwa siti.